Gurudumu la bahati kwenye banda la maonyesho: linafaa, au kuna mchezo bora?

MuuzaPampu:
Wakuu, habari zenu. Tuna banda la mita 3 kwa 3 kwenye maonyesho ya siku 2. Tunauza pampu na viungo vya mabomba ya plastiki, wahudumu 3. Tunafikiria gurudumu la bahati la vipande 12 vilivyo sawa: kimoja drili, vitatu fulana, vilivyobaki kalamu na vishika funguo. Tunakadiria watu 300 watazungusha, na bajeti inatosha drili 2 tu. Je, gurudumu litatufaa? Na tufanyeje tupate mafundi na wenye maduka, si wakusanya kalamu?

HesabuKwanza:
Mkuu, hesabu imeshakukataa. Kipande 1 kati ya 12, mizunguko 300: jiandae kutoa drili 25 hivi. Wengi huona kipande kimoja wakadhani ni zawadi moja.

Ukisema upunguze upana wa kipande, drili 2 kwa mizunguko 300 ni nyuzi 2.4 za duara. Kwenye gurudumu la kipenyo cha sentimita 80, hiyo ni kama sentimita 1.7 ukingoni. Kila mtu ataona unamdanganya, na kusema kweli atakuwa na haki.

Kama lazima bahati iwepo, tumia sanduku la vibao vya namba. Weka vibao 150 kila siku, kimoja cha drili, na kilichotoka hakirudi. Hapo idadi ya zawadi unaijua tangu asubuhi. Tatizo ni kwamba drili ikitoka saa 4 asubuhi, mchana mzima hakuna wa kusimama.

Na gurudumu likibaki kwa zawadi ndogo, lipime kwanza. Ondoa ule ulimi unaogonga misumari, lisukume taratibu, liache lisimame lenyewe. Rudia mara 10. Kipande kilekile kikiishia chini kila mara, upande huo ni mzito. Bandika washa (kile kipete bapa cha chuma cha boliti) nyuma ya upande wa pili, pima tena. Lisilo na mizani hurudia zawadi moja, na watazamaji hugundua haraka kuliko wahudumu.

Jambo jingine: nchi nyingi huhesabu mchezo wa bahati wenye zawadi kuwa bahati nasibu, hasa mchezaji akilipa au akilazimika kununua kitu. Mwulizeni mwandaaji, awajibu kwa maandishi.

FundiKiungo:
Mimi gurudumu ningeliacha kabisa. Halijui nani ni fundi. Bidhaa yenu yenyewe ni mchezo: kufunga kiungo cha bomba kwa kushindana na saa.

Chukua bomba la plastiki la milimita 25 na koplingi (kiungo cha kuunganishia mabomba) ya kukaza kwa mkono. Fungua koplingi yote, tandaza vipande mezani bila mpangilio: mwili, nati, pete ya meno inayoshika bomba, oringi (pete ya mpira ya kuzuia kuvuja). Mchezaji avipange, asukume bomba hadi alama uliyochora kwa kalamu, akaze nati. Saa inasimama akiinua mikono. Asiye fundi ataiweka pete kinyume, na nati itagoma au bomba litachomoka. Fundi utamtambua kabla hajataja jina, maana huigeuza pete kidoleni kuiangalia kwanza, ndipo anaivika.

Kipimo kiwe cha kuvuta: ndoana ya mizani ya kuning'iniza, vuta hadi kilo 20. Likichomoka, ongeza sekunde 15. Bila adhabu hiyo watu wote watakaza nusu nusu. Msijaribu kwa upepo wa kompresa. Bomba likichomoka linaruka kama risasi. Maji nayo yataharibu kapeti ya ukumbi na mtatozwa.

Vifaa: koplingi 4 za kupokezana, oringi 20 za akiba, vipande 40 vya bomba vya sentimita 40 (jumla mita 16). Meno hukwaruza bomba, na mikwaruzo hukamata oringi ikapinda. Kwa hiyo kila ncha itumike mara 4, kisha kipande kiwekwe kando. Ncha zikatwe wima na kupigwa msasa kidogo. Kulainisha, maji ya sabuni yanatosha. Grisi ya magari usiiguse, huvimbisha oringi za EPDM, aina ya mpira.

MuuzaPampu:
Hili limenikaa. Foleni je? Na majina tuandike kwenye kishikwambi?

MpangaBanda:
Hesabu ya foleni: maelezo sekunde 20, kufunga 40, kuvuta na kuandika 30. Ni sekunde 90, yaani watu 40 kwa saa mkienda bila kupumua. Pangeni kwa 20. Meza ya sentimita 120 kwa 60 ikae mbele pembeni, mchezaji asimame ndani akitazama njia, ili wapitao waone mikono yake. Foleni ipite ubavuni mwa banda, isizidi watu 5. Ikimwagika njiani, jirani atalalamika na mwandaaji atawafungia mchezo.

Kazi zigawanywe: mmoja anaita, mmoja anashika saa, wa tatu hashiki mchezo kabisa, anazungumza na anayemaliza. Hapo ndipo mabanda mengi hukosea, wahudumu wote wanageuka waamuzi.

Kishikwambi sawa, ila kifanye kazi bila intaneti, maana mtandao wa ukumbi hulemewa watu wakijaa. Zimeni kujifunga kwa skrini, wekeni kadi za karatasi 100 za akiba. Ulizeni vitu vinne tu: jina, simu, kazi yake, na kama anakubali kupigiwa. Asiyekubali acheze vilevile.

Swali la kuchuja waulizeni wakiwa kwenye foleni: tangi la maji liko mita 10 juu ya bomba, geji itasoma bari (kipimo cha shinikizo) ngapi? Anayejibu moja bila kufikiri, msogezeni kwa yule wa tatu.

HesabuKwanza:
Na drili zenu 2 zinatosha sasa. Moja kila siku kwa muda bora, itolewe saa 10 jioni, mshindi awepo. Ubao wa muda ukae juu, majina 5 tu. Muda ukilingana, warudie wote wawili hapohapo.