Naomba ushauri: Darasa la chekechea lina kuta nyekundu, je, nikipaka waridi watoto watatulia?

Mama Kituo

Habari zenu wanajamvi. Nina kituo kidogo cha watoto wa miaka mitatu hadi mitano hapa Morogoro. Mwaka huu tumehamia nyumba ya kupanga ambayo zamani ilikuwa baa. Maji yapo, uzio upo, kodi naimudu. Shida ni chumba kikubwa nilichokifanya darasa. Kuta zote zimepakwa rangi ya mafuta: chini damu ya mzee hadi usawa wa kifua, juu nyekundu inayong'aa. Madirisha ni mawili madogo, yote upande mmoja.

Tangu tuhamie watoto wamebadilika. Kule tulikotoka walikuwa wanalala mchana bila shida. Hapa wanasukumana, wanalia ovyo, na ikifika saa sita mwalimu msaidizi anashika kichwa. Watoto ni walewale, walimu walewale, uji uleule. Muuza rangi mmoja mjini kaniambia nyekundu ndiyo inayowapandisha hasira, nipake waridi, eti Marekani wanapaka hadi magerezani na wafungwa wanatulia. Ndoo ya rangi si bei ya mchezo na fedha yangu ni ya kuhesabu. Je, kuna ukweli hapo? Na kama si waridi, nipake nini? Mafundi na walimu nisaidieni.

Kitabu Wazi

Mtoa mada, habari ya magereza ipo, ila muuza rangi kakupa nusu yake. Mwaka 1979 mtafiti Alexander Schauss aliwashawishi maofisa wa gereza la jeshi la majini kule Seattle wapake seli waridi. Rangi yenyewe ikaitwa Baker-Miller, kwa majina ya maofisa wawili wa pale. Zikatoka taarifa kwamba wafungwa wakorofi wanapoa humo baada ya muda mfupi tu, na magereza mengine yakaiga, hadi Uswisi.

Nusu ya pili ni hii. Watafiti walipokwenda kuipima kwa makini huko huko Uswisi, wakawagawa wafungwa wenye makosa ya nidhamu kwa bahati nasibu, wengine seli za waridi, wengine za kawaida, hawakuona tofauti ya ukali. Ukiipenda waridi, paka. Usiinunue kama dawa.

Bibi wa Chumbageni

Mwanangu, mimi nimelea wengi hapa Tanga. Kanga ya kisutu ina nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo ya bibi harusi, na watoto tumewabeba mgongoni kwa kanga hizo hizo wakalala fofofo. Nyekundu kwa mtoto wa kwetu ni mama yake. Sikatai kwamba chumba chako kina tatizo, lakini kuisingizia rangi peke yake naona unaionea.

Kocha wa Mtaa

Nyekundu si maneno matupu, bibi. Kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, katika ndondi, taekwondo na mieleka, wachezaji walipewa nyekundu au bluu bila kuchagua. Watafiti Hill na Barton walipohesabu matokeo, wa nyekundu walikuwa wameshinda kama asilimia 55 ya mapambano.

Baadaye Wajerumani wakaja na jaribio lililonifungua macho. Waliwaonyesha waamuzi 42 wa taekwondo video za mapambano, halafu wakawaonyesha mapambano yale yale rangi zikiwa zimebadilishwa kwa kompyuta. Aliyeonekana na nyekundu alipata pointi kama asilimia 13 zaidi, kwa mateke yale yale! Maana yake rangi ilimwingia mwamuzi. Kwa hiyo dada, waangalie na walimu wako. Mwalimu aliyechoshwa na kuta atawaona watoto watukutu kuliko walivyo, atafoka, na mtoto akifokewa tangu asubuhi hawezi kutulia.

Fundi Rola

Shikamoo bibi. Mama Kituo, nimepaka baa nyingi, wacha nikueleze kwa nini zinapakwa hivyo. Baa ni ya usiku. Damu ya mzee inaficha uchafu wa migongo na viatu, na ile nyekundu inapendeza ikiwa na taa. Mchana chumba hicho kinakuwa kizito. Ukuta wa rangi nzito unameza mwanga karibu wote, na wewe una madirisha mawili ya upande mmoja. Juu yake ni rangi ya mafuta ya kung'aa, kwa hiyo jua likiingia dirishani linapiga ukuta wa pili na kumrudi mtoto usoni. Mahali pengine giza, mahali pengine mng'ao. Hapo hata mtu mzima kichwa kitamuuma.

Na kelele je? Nyumba za baa mara nyingi sakafu ni ya simenti au vigae, kuta laini, juu bati bila dari. Watoto ishirini wakiongea, sauti inarudi mara mbili, kila mmoja anapandisha yake ili asikike. Kabla hujanunua rangi, simama katikati ya chumba kikiwa kitupu upige kofi. Ukisikia linajibu, tandika mikeka, tundika mapazia mazito na vitenge ukutani.

Kuhusu rangi: juu paka krimu au rangi ya maziwa, ya maji, isiyong'aa. Chini paka kijani cha kupoa, ya mafuta kwa sababu ya mikono ya watoto, lakini omba ile ya mng'ao mdogo. Ukipaka rangi ya maji juu ya mafuta moja kwa moja itabanduka kama ganda, na nyekundu itachungulia. Kwa hiyo kwanza msasa ukuta mzima hadi mng'ao uishe, halafu rangi ya kushikisha (praima), ndipo mikono miwili ya rangi yenyewe.

Afisa Afya

Fundi, yote umesema vizuri, ila hapo kwenye msasa naomba kila mtu asimame kwanza.

Rangi za mafuta za zamani, hasa nyekundu, njano na chungwa kali, nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na sehemu nyingine bado zinauzwa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi, na shirika hilo hilo linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo anaifyonza kuliko mtu mzima, na inagusa ubongo: usikivu unapungua, hasira zinakuwa karibu, kujifunza kunakuwa kugumu. Ninyi mnabishana kama nyekundu inabadilisha tabia kwa kutazamwa. Hii inabadilisha kwa kumezwa.

Sisemi ndiyo sababu ya fujo za sasa. Fujo zilizoanza mara tu baada ya kuhama naona zinaelezeka zaidi na mwanga na kelele alizotaja fundi. Ila mkikwangua ukuta huo kwa msasa mkavu, vumbi litatua kwenye mikeka, midoli na vikombe, na hapo ndipo mtakuwa mmewatengenezea watoto tatizo.

Mama Kituo

Jamani nimeogopa. Kuta ni nzima, ila fremu za madirisha zina rangi ya njano inayobanduka vipande vipande, na wapo wawili ninaowaona wakiibandua kwa kucha. Nifanyeje leo?

Afisa Afya

Leo hii sogeza meza na watoto mbali na madirisha. Vipande vya chini okota kwa kitambaa kilicholowa, pigeni deki kwa maji na sabuni, msifagie kukavu. Watoto wanawe mikono kabla ya uji na kabla ya kulala. Hao wawili waambie wazazi wao waziwazi, wampe daktari wa watoto habari hiyo. Kipimo ni cha damu. Usiwafiche wazazi kwa kuogopa kukimbiwa.

Fundi Rola

Nimekuelewa afisa, na mimi vumbi hilo nimelivuta miaka yote. Basi mama, panga hivi. Subiri likizo, darasa liwe tupu. Mwenye nyumba azungumze nawe kuhusu fremu, hizo ni mali yake. Ukuta uoshwe kwa sabuni, usuguliwe na msasa wa maji ukiwa umelowa muda wote, fundi avae barakoa, na nguo za kazi zisirudi nyumbani kwa watoto wake. Fremu zisikwanguliwe kavu wala zisichomwe moto. Dukani usiulize kopo lipi la bei rahisi, uliza lipi limeandikwa halina risasi.

Fedha ikibaki, toa bati moja uweke la plastiki linalopitisha mwanga, upande wa mbali na madirisha. Ikitosha kwa kimoja tu, anza na fremu, kuta zitasubiri.