D5 au DDC? Na bloki gani ya prosesa?

MpigaHarusi_Dar: Wakuu, kwenye kompyuta yangu nataka kuacha feni nihamie kupoza kwa maji, mzunguko wa kujifungia mwenyewe. Ndugu yangu anarudi kutoka Dubai Alhamisi, atanibebea vifaa. Pampu nichukue D5 au DDC? Bloki je, ile inayokaa juu ya prosesa na kupitisha maji? Hela ipo.

Nyakato: Mkuu, prosesa gani? Rejeta ya kupoozea maji ni ya ukubwa gani? Kadi ya grafiki nayo inaingia kwenye mzunguko? Bila hayo tutakubahatishia tu.

MpigaHarusi_Dar: Samahani. Ni Ryzen 9 7950X, kadi inabaki na feni zake. Narenda video za harusi, yaani kompyuta inatoa faili la mwisho, usiku kucha, joto linagonga nyuzi 95 na kwa kelele zile mke wangu halali.

FundiMwanza: D5, maliza. Inapozwa na maji yaleyale yanayopita ndani yake, na ukiishusha spidi huisikii. Yangu ina mwaka wa sita sijaigusa.

Chuma_Msa: Mimi ni DDC. Ni ndogo, inakaa popote, na inasukuma maji juu zaidi ya mita 5. D5 inaishia karibu mita 4. Ila kitako chake kinapata moto, lazima ukifungie bamba la alumini lenye mapezi.

FundiMwanza: Kwa bloki moja na rejeta moja tofauti hiyo huioni kwenye joto. Unamwongezea mtu moto wa bure.

BintiTanga: Kaka, kabla ya pampu angalia chuma. Mimi nilinunua bloki nzuri ya shaba nyekundu, halafu muuzaji mmoja akaniuzia rejeta akiniapia ni shaba. Ilikuwa alumini iliyopakwa rangi nyeusi. Nikajaza maji ya betri matupu, bila dawa ya kutu. Miezi mitatu ya kwanza raha tupu. Wa nne joto likaanza kupanda, nyuzi 70, 80, nikadhani pampu imechoka. Nilipofungua bloki nikakuta ute mweupe kama uji wa muhogo umejaa kwenye vijifereji, vile vyembamba hata ukucha hauingii. Nikasugua na mswaki na siki jioni nzima. Rejeta ilikuwa imeliwa kwa ndani, ikaanza kutoa jasho kwenye kona, tone likaangukia kadi ya grafiki. Kadi ikafa palepale. Shaba na alumini kwenye maji mamoja hazikai, alumini ndiyo inayoliwa.

MpigaHarusi_Dar: Pole sana dada. Kwa hiyo maji ya betri hayafai?

Chuma_Msa: Yanafaa, ila tia dawa ya kutu na ya ukungu. Na uangalie, dukani maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, chupa zinafanana.

FundiMwanza: Mipira ya kupitishia maji pia. Ile ya plastiki angavu inachuja mafuta yake taratibu na kuziba bloki. Chukua mipira myeusi ya EPDM, aina ya raba.

Nyakato: Mimi bado nina shaka na safari yenyewe. Prosesa hiyo imeundwa ipande hadi 95 ikibanwa na kazi, na kifuniko chake ni kinene, hata maji hayafanyi muujiza. Dar chumba kikiwa na nyuzi 32, maji hayashuki chini ya hapo. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa, weka Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 105. Hiyo 105 ni jina la daraja tu; kwa kweli badala ya kula hadi wati 230 itakomea 142, na kurenda kutachelewa kidogo tu.

Chuma_Msa: Alishasema anataka maji. Mkuu, bloki iwe ya AM5, soketi ya prosesa yako, yenye bamba la kuisogeza kidogo upande, maana vipande vinavyochemka havikai katikati ya prosesa.

MpigaHarusi_Dar: Eco Mode nitaijaribu usiku huu, nina harusi mbili za kurenda. Ila nimepima kasha: juu ya mazabodi imebaki sentimita 5 hadi kwenye bati. Rejeta ya milimita 30 na feni za 25 zitaingia?

Nyakato: Jumla ni 55, haziingii. Mbele kuna nafasi gani?

MpigaHarusi_Dar: Mbele kuna diski nne za kazi za wateja. Ngoja nifungue nione kama zinahamishika.