Mrejesho: Dada aliyeachiwa kitambaa tumboni baada ya upasuaji

Wakuu habari zenu, mimi ndo niliyeuliza tufanyeje baada ya dada kujifungua kwa upasuaji wakamwachia kitambaa tumboni. Asanteni mno jamani. Ule ushauri wa kuomba faili kwa barua, ubaki na kopi iliyogongwa muhuri, umefanya kazi, walikuwa wanatuzungusha lakini wakatoa mpaka ripoti ya opresheni ya pili na imeandikwa kabisa kitambaa kimetolewa. Malalamiko tumepeleka Baraza la Madaktari Tanganyika, dada kashaitwa kujieleza. Fidia ndo bado, Baraza linamshughulikia daktari na leseni yake, hela mpaka mahakamani na hospitali imegoma kuongea. Wakili kasema kesi hizi mwisho wa kuzifungua ni miaka 3, msikae nazo. Dada anaendelea vizuri, ananyonyesha.