Kocha wa kuogelea vyuoni Marekani: nianzie Divisheni I au Divisheni III?

Papa_Mvivu
Wakuu, nimepata nafasi mbili za ukocha wa kuogelea huku Marekani. Moja ni Divisheni I, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo: nasaidia timu huku nasoma uzamili, ada wanalipa wao na posho kidogo juu. Nyingine ni kocha msaidizi wa kuajiriwa chuo kidogo cha Divisheni III, ngazi ya tatu, mshahara unaeleweka na bima ipo. Lengo ni kuwa kocha mkuu. Wote wanataka jibu Ijumaa. Naomba kuwasilisha.

Mama Kipepeo
Mdogo wangu, ya maana yote umeyaacha. Viza gani? Uzamili wa nini? Mkataba wa miezi mingapi? Na hiyo timu ya Divisheni I inagombea ubingwa au inaburuza mkia?

bwawa_refu
Divisheni I, hata usijiulize. Todd DeSorbo alitoka usaidizi chuo cha NC State akapewa ukocha mkuu chuo cha Virginia 2017. Wanawake wake wakabeba ubingwa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kila mwaka, 2021 hadi 2025.

Kocha wa Zamu
Hao ni waliofanikiwa, mkuu. Mimi nilikuwa Divisheni I, chuo sikitaji. Saa kumi na moja alfajiri niko bwawani peke yangu nafunga kamba za njia, vidole vimekufa ganzi. Mchana najaza majedwali ya vijana wa kusajiliwa, jioni nakata video za chini ya maji, safari zikija mimi ndiye dereva. Programu ya mazoezi sikuwahi kuandika hata moja! Kisha kocha mkuu akahama, mpya akaja na watu wake, na nafasi yangu ikaenda pamoja na ada ya muhula wa mwisho. Mwenzangu wa Divisheni III muda huo alikuwa na kundi lake la masafa marefu, anaandika mwenyewe. Kule hakuna udhamini wa michezo, kwa hiyo anajua kumshawishi mzazi bila kuahidi hela.

Papa_Mvivu
Dada, samahani. Nina F-1, viza ya mwanafunzi, namaliza shahada ya kwanza Mei, OPT (ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo) bado sijaigusa. Uzamili ni uongozi wa michezo.

Mama Kipepeo
Haya, sasa tunaongea. OPT ni miezi 12, na ukipanda ngazi ya shahada unapata mingine 12. Divisheni III waulize kwa maandishi kama watakuombea H-1B, viza ya kazi ya wataalamu. Chuo kisicho cha faida hakiingii kwenye bahati nasibu ya viza hizo, klabu ya kawaida inaingia. Kazi itakuwa kuwathibitishia uhamiaji kwamba ukocha unahitaji shahada mahususi. Hapo wengi hukwama.

bwawa_refu
Kwa hiyo akajifiche Divisheni III?

Kocha wa Zamu
Ajifiche? Wanaume wa chuo cha Kenyon walichukua ubingwa wa Divisheni III mara 31 mfululizo, 1980 hadi 2010.

bwawa_refu
Ubingwa wa yadi 😂 Bwawa la yadi 25, yaani mita 22.86, kazi ni kugeuka tu.

Kocha wa Zamu
Divisheni I nao wanaogelea yadi, mkuu. Na huko kugeuka ndiko kwenye ufundi. Sheria inakupa mita 15 chini ya maji kila ukuta, karibu theluthi mbili za bwawa.

Mkia wa Nyangumi
Mnabishania yadi, timu yenyewe mwakani itakuwepo? Cal Poly, Divisheni I hiyo hiyo, walifuta kuogelea Machi 2025. Muulize mkurugenzi wa michezo kuhusu bajeti kabla hujasaini.

Papa_Mvivu
Nimewaandikia Divisheni III kuhusu H-1B. Wanasema ofisi ya ajira itajibu wiki ijayo.

Mama Kipepeo
Omba wakuongezee wiki. Divisheni I nao waambie hivyo hivyo.

bwawa_refu
Kocha, hizo mita 15 mtindo wa chura hazipo.

Kocha wa Zamu
Chura nani kamtaja?