Damu ya mama ikija safi, ina maana hana saratani?

Bintimkubwa: Habari zenu. Mama amekutwa na saratani ya mapafu. Alichomwa sindano kutoa kinyama, majibu yakasema kinyama ni kidogo mno, hakitoshi kupima DNA. Kumchoma tena wanaogopa, mara ile hewa ilivuja kifuani. Sasa daktari anataka kupima DNA ya uvimbe kwenye damu. Mdogo wangu anasema damu ikija safi, basi walikosea tangu mwanzo. Kweli?

Mzee wa Mirija: Pole binti. Mdogo wako asishangilie mapema. Seli zikifa humwaga vipande vya DNA kwenye damu, za uvimbe na zile nzima pia. Vya uvimbe mara nyingi havifiki hata kimoja katika mia, na havikai: ndani ya saa mbili hivi nusu imeshasafishwa. Kwa hiyo mrija wenyewe wa kuwekea damu iliyotolewa una dawa ya kuzuia seli nyeupe zisipasuke, maana zikipasuka DNA yake inafunika tunachokitafuta. (Niliwahi kukataa damu iliyolala usiku kucha kwenye mrija wa kawaida. Muuguzi alininunia wiki nzima.)

Kwa mama wanatafuta mabadiliko kwenye jeni kama EGFR, ambayo yana vidonge vyake vya kuyalenga. Marekani waliidhinisha kipimo cha damu cha namna hiyo 2016. Yakionekana, dawa inachaguliwa bila sindano ya pili. Yasipoonekana, huenda uvimbe haumwagi vya kutosha tu. Saratani iko palepale.

Kaka Swali: Mzee, na kile kipimo cha damu cha saratani zaidi ya 50 kwa mpigo? Si tupime wote, tuachane na vinyama?

Mzee wa Mirija: Galleri hicho. Katika utafiti uliochapishwa 2021 kilinasa asilimia 17 hivi ya saratani za hatua ya kwanza, na 90 za hatua ya nne. Yaani kinashika zaidi zile zilizokwisha kusambaa. Na kikisema ipo, bado utapigwa picha na kutolewa kinyama.

Binti, mama ameanza dawa?

Bintimkubwa: Bado, mzee wangu. Dripu ya kwanza ni Jumatatu.

Mzee wa Mirija: Basi mwombe daktari damu itolewe kabla ya hapo. Dawa ikianza kufanya kazi, vile vipande hupungua, na mtapata majibu ya "hakuna kilichoonekana" yasiyowasaidia kitu.

Bintimkubwa: Nampigia sasa hivi.