Mrejesho: uvujaji ulikuwa kwenye adapta, si kwenye ndege

Ndugu mafundi, niliwauliza kwa nini mshale wa kipimakasi ulikuwa ukirudi nyuma polepole kila nilipofunga vali ya mashine ya kupimia, ile inayotia shinikizo la hewa kwenye mirija ya vipimo vya ndege, ingawa viungio vyote vya mirija ndani ya ndege vilikuwa vimekazwa. Narudi na jibu, pamoja na shukrani za dhati kwa aliyenishauri niipime adapta (kiungio kinachovikwa kwenye mrija wa ndege ili kuunganisha bomba la mashine) peke yake kabla ya kufungua paneli yoyote.

Niliivika adapta hiyo kwenye kipande cha bomba kilichozibwa, chenye kipenyo sawa na mrija wa pito (ule wa nje ya ndege unaopokea hewa ya mbele ili kupima kasi), nikaweka shinikizo, nalo likashuka vilevile. Pete ya mpira ya ndani, ambayo ndiyo huzuia hewa isitorokee kwenye tundu dogo la kutolea maji, ilikuwa imekauka na kupasuka, nadhani kwa sababu iliwahi kuvikwa wakati mrija ungali na joto la hita yake. Baada ya kuibadilisha, mshale ulitulia.

Upande wa hewa tuli, yaani mirija inayopokea shinikizo la kawaida la hewa ya nje kupitia matundu ya ubavuni, ulifaulu pia: altimita (kipimo cha kimo cha ndege) ilipoteza chini ya futi 100 kwa dakika 1, ambacho ndicho kikomo cha kanuni za Marekani kwa ndege isiyo na kabini yenye shinikizo. Nilipomaliza nilihesabu adapta na vipande vya utepe vya kuzibia matundu mara mbili, kwani utepe uliosahaulika juu ya matundu ya hewa tuli uliiangusha ndege ya Aeroperú mwaka 1996, na watu 70 wakafa.