Gereji ya paa la chini (mita 3.3): lifti ya nguzo mbili ipi itafaa?

karakana_tabata
Wakuu, habari za kazi. Banda langu la bati lina mita 3.3 kutoka sakafuni hadi boriti ya chini ya kenchi. Magari yanayoingia zaidi ni Hiace za paa la juu, Land Cruiser mkonga na Hilux, na mara mojamoja Canter. Muuzaji ananipa lifti ya tani 5 yenye nguzo za mita 3.7, anasema mchomeleaji atazipunguza kidogo. Umeme nilionao ni wa fezi moja. Sakafu ni zege, unene wake sijaupima. Niichukue? Na Canter itapanda?

Spana17
Hiyo ya kukata nguzo iache kabisa. Lifti za namna hiyo zimeunganishwa kwa juu: waya za kusawazisha mikono na hozi ya haidroli hupita kwenye boriti ya juu, na hapo ndipo linapokaa bomba la usalama linalozima mota paa la gari likiligusa. Ukikata, urefu wa waya unakuwa mwingine, mwendo wa silinda ya kunyanyulia unazidi nafasi iliyobaki, na chuma kimechomelewa palepale panapobeba nguvu ya kupinda.

Unayohitaji ni ile iliyounganishwa kwa chini, nguzo zake huwa mita 2.8 hadi 2.9. Waya na hozi hupita chini ya bamba lililolala sakafuni kati ya nguzo. Bamba lina kero yake: limeinuka sentimita 3 au 4, na jeki ya giaboksi ikifika hapo inakwama. Wekeni vipande vya mteremko pande zote mbili.

Ila piga hesabu ya paa kwanza. Hiace ya paa la juu ina karibu mita 2.28. Toa kwenye 3.3, acha sentimita 10 za usalama, imebaki sentimita 92. Hapo ndipo itakapofika, hata ungenunua lifti ya bei gani. Fundi atafanya kazi amekaa kwenye kigoda cha magurudumu. Mkonga wa pikapu ni kama mita 1.95, utapanda mita 1.25, na kwa kuwa chesisi yake iko juu tangu chini, fundi atasimama ameinama kidogo tu. Keria ya juu ikiwepo, ipime nayo. Hilux haina shida.

Halafu tani 5 ni za mikono yote minne kwa pamoja. Kila mkono una robo, yaani kilo 1,250. Gari lenye injini nzito mbele, au pikapu iliyojaa mzigo nyuma, linaweza kuzidisha mikono miwili huku jumla ikiwa bado chini ya tani 5. Mzigo ushushwe kabla gari halijapanda.

mbao_na_nondo
Nguzo za mita 3.7 zina boriti juu ya kuzishika zisisogeleane, hizi fupi zinategemea sakafu tu. Kwa hiyo pima zege kabla ya kulipa. Toboa kwa drili ya nyundo, biti ya mm 10, sehemu tatu: pale nguzo ya kushoto itakaposimama, ya kulia, na katikati. Biti ikifika kwenye kifusi utaisikia inazama ghafla. Pima hapo. Sakafu nyingi za mabanda yetu ni sentimita 7 au 8 zilizopigwa lipu ya saruji juu, na fundi akigonga anaona gumu. Lipu haishiki bolti hata kidogo.

Ikiwa nyembamba, kata ukanda wa mita 4 kwa 1.2 unaopita chini ya nguzo zote mbili, chimba, kisha mwaga zege la unene wa sentimita 25. Hiyo ni mita za ujazo 1.2, kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto) andaa mifuko 10 ya saruji ya kilo 50. Nondo za mm 12 kila sentimita 20, matabaka mawili. Maji kidogo kwenye mchanganyiko, kisha mwagilia siku 7 na usifunge lifti kabla ya siku 28. Hapa ndipo watu wanapoharibu: zege la siku 10 linaonekana limekauka, bolti inakaza vizuri, mwezi ukipita zimelegea zote.

Tundu litobolewe kwa kipimo kilekile cha bolti, na vumbi litolewe kwa pampu na brashi. Vumbi likibaki, bolti inatanuka ndani ya unga. Nguzo ikiinama weka shimu (vibamba vyembamba) za chuma chini yake, kamwe si vipande vya mbao. Kaza kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa namba ya kwenye kitabu cha lifti, rudia baada ya wiki moja. Bolti inayoendelea kuzunguka bila kukaza imeshang'oka, hama tundu.

Difu_Nyuma
Kuhusu Canter sikubaliani na kuihangaikia. Yenye bodi iliyoenda juu itagusa kenchi kabla matairi hayajafika kiunoni, na mikono mingi haifiki vizuri pointi za chesisi yake. Chimba shimo upande wa pili wa banda: upana sentimita 90, kina mita 1.5, urefu mita 6, ngazi mwisho. Kuta za zege, maana huku kwetu mvua za masika hupandisha maji na tofali za kawaida zinavuja. Weka kidimbwi kidogo kwenye kona kwa ajili ya pampu. Na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama humo chini, kwa hiyo tangi la mafuta lisifunguliwe juu ya shimo na taa iwe iliyofungwa kabisa.

Spana17
Shimo kwa Canter sawa. Kwa Hiace bado lifti, kwa sababu kazi nyingi ni magurudumu, breki na bushi, na shimoni huwezi kutoa tairi bila jeki nyingine.

karakana_tabata
Nimewaelewa. Fezi moja itatosha? Na umeme ukikatika gari likiwa juu?

waya_mwekundu
Mota ya kilowati 2.2 kwa fezi moja inavuta kama ampia 14 hadi 16 ikiwa kazini, na inapoanza inaruka juu zaidi. Ivutie waya wake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, mm² 4, na swichi yake. Jioni volti zikishuka, mota inanguruma bila kuzunguka. Achia kitufe mara moja, la sivyo kapasita inaungua. Ikiwa fezi tatu zinapatikana mtaani kwako, chukua, mota yake haina kapasita hiyo.

Umeme ukikatika: gari lililokalia loki (meno ya ndani ya nguzo yanayozuia mikono isishuke) haliwezi kushushwa kwa kufungua vali tu, lazima kwanza linyanyuliwe kidogo ili loki ziachie. Kwa hiyo ulizia pampu ya mkono kwenye kifaa chenyewe. Na chagua loki za kuvuta kwa waya kwa mkono. Zile za sumaku zinataka umeme kufunguka.

Jingine, lifti ya kuunganishwa kwa chini haina bomba la usalama la juu. Funga swichi ya kikomo, inayozima mota, kwenye nguzo kwa urefu wa Hiace, na upake alama ya rangi nyekundu kwenye nguzo hapohapo. Kwa magari mafupi unaizunguka kwa ufunguo unaokaa kwako, si kwa kijana wa gereji.

karakana_tabata
Mafuta ya kuweka ni yapi?

waya_mwekundu
Ya haidroli, namba 32 au 46 kulingana na kitabu, kama lita 10 hadi 12. Usiweke ya breki, yanakula sili. Kisha ipandishe na kuishusha tupu mara nne au tano hadi hewa yote itoke, ukisikiliza loki za pande mbili: zikigonga kwa kupishana, kaza waya wa upande uliochelewa kwanza, ndipo gari lipande.